Naomba ushauri: nimjibuje kijana huyu kuhusu Mkwawa?

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninafundisha vijana wa kipaimara hapa Iringa, na juzi niliwapeleka makumbusho ya Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nikitaka wajifunze uvumilivu wa mtu aliyeendelea kupigana na Wajerumani porini karibu miaka minne baada ya ngome yake kuanguka mwaka 1894. Kijana mmoja, akiwa ameegemea kioo, akauliza: "Mwalimu, si alijiua?" Nilieleza habari za vita na heshima ya wakati ule, lakini nilijiona nababaisha, maana miongoni mwao wapo waliokwisha kukata tamaa. Je, niutenganisheje ushujaa wake na kifo chake bila kuipotosha historia? Au nianzie Lugalo, 1891, jeshi lake lilipowashinda Wajerumani?