Krimu ya vitamini B12 kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi

Mama wa Tanga: Habari zenu ndugu. Mwanangu wa miaka minne ana pumu ya ngozi inayomshika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na usiku hujikuna hadi shuka linapata madoa ya damu. Hospitali tulipewa haidrokotizoni ya asilimia 1, dawa ya kupaka ya kutuliza vipele, na mafuta ya mgando, navyo vinamsaidia, ila kila nikiacha dawa vipele hurudi. Muuzaji mmoja ananishauri niiache kabisa, nimpake krimu ya waridi yenye vitamini B12 au nitoboe vidonge vya vitamini E. Je, vitamini hizi zinafanya kazi kweli?

Mfamasia: Pole sana, dada. B12 ya kupaka si uzushi, na rangi hiyo ya waridi ni ya vitamini yenyewe. Mwaka 2004 kulichapishwa utafiti wa Ujerumani ambamo wagonjwa 49 walipaka krimu yenye B12 upande mmoja wa mwili na krimu isiyo nayo upande wa pili kwa wiki 8, na upande wa B12 ukapata nafuu zaidi. Lakini wagonjwa hao ni wachache, na krimu hiyo haikulinganishwa na haidrokotizoni, kwa hiyo anayekuambia uache dawa ya hospitali anadai jambo ambalo utafiti huo haukulipima. Vitamini E usimpake, kwa sababu baadhi ya watu huwapa mzio wa ngozi, na ngozi iliyochubuka kwa kukunwa haihitaji mtihani mwingine.

Mzazi mwenzio: Naunga mkono, na ningeongeza niasinamaidi, yaani vitamini B3, ambayo huisaidia ngozi kutengeneza mafuta yake ya asili yanayozuia ukavu. Hata hiyo haizidi umuhimu wa mafuta ya mgando, ambayo mpake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, hata siku ambazo hana vipele. Je, kopo la muuzaji limeandikwa viambato?

Mama wa Tanga: Halina maandishi yoyote zaidi ya neno «vitamini».

Mfamasia: Basi usimpake, dada yangu. Zipo krimu za mitaani zilizochanganywa klobetasoli kwa siri, dawa yenye nguvu kupita haidrokotizoni mara nyingi, ambayo hutuliza vipele haraka huku ikiipunguza unene ngozi ya mtoto. Mrudishe kwa daktari umweleze kwamba vipele vinarudi, akupangie namna ya kuipunguza dawa hatua kwa hatua.