Kraków kwa mfuko wa mwanafunzi, nikiwa na mama

Mtanga_Leipzig:
Wakuu, habari zenu. Nasoma Leipzig, na mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga kwa viza ya Schengen. Kabla hajarudi nataka nimpeleke Kraków, Poland, kwa basi. Magoti yanamsumbua na nguruwe hatuli. Mawakala wote wananiuzia Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, pamoja na mgodi wa chumvi wa Wieliczka kwa siku moja. Ni lazima? Hela yangu ni ya kuhesabu.

DadaPodgórze:
Mfikishie mama shikamoo yangu. Naishi huku, na nakusihi usinunue hicho kifurushi.

Wieliczka unaanza kwa kushuka ngazi zipatazo 380, na mbele zipo nyingine. Kwa magoti hayo, achana nayo. Auschwitz iko mbali, kama kilomita 70, na mabasi ya kawaida yanatoka kituo kilicho jirani na stesheni kuu ya treni. Kuingia bila kiongozi ni bure, ila lazima uweke nafasi mapema kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, kwa jina la kila mmoja, na nafasi hizo huisha haraka. Pale waliuawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao Wayahudi. Tafadhali msipite mbiombio kwa kuwahi gari la wakala. Kama mama hana nguvu ya kuona mambo hayo, msimlazimishe.

Mjini kwenyewe vizuri vingi havina kiingilio. Mkalisheni mama kwenye uwanja wa Rynek, uliopimwa mwaka 1257, msubiri saa kamili. Juu ya mnara wa kanisa la Mariacki mpiga tarumbeta hupiga wimbo kuelekea pande nne, na kila mara anaukatisha katikati. Wenyeji husimulia kwamba mlinzi wa zamani alipigwa mshale kooni na wavamizi wa Kitatari akiwa anatoa onyo. Nimeusikia mara nyingi na bado nasimama. Kisha piteni Planty, bustani inayouzunguka mji wa kale palipokuwa na ukuta, mabenchi ya kukalia ni mengi. Ua wa ngome ya Wawel nao ni bure, na njia ya kupandia ni mteremko, si ngazi.

Abu_Kigoma:
Chakula: tafuteni *bar mleczny*, mikahawa ya bei nafuu ya wenyeji. Agiza *pierogi ruskie*, vifuko vya unga vilivyochemshwa vyenye viazi na jibini ndani, lakini sema „bez skwarek”, maana juu humwagia vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Hilo wageni wengi hawaambiwi.

Mtanga_Leipzig:
Allah awalipe. Euro zinapokelewa?

DadaPodgórze:
Huku ni złoty. Mashine ya benki ikikuuliza ikukate kwa euro, kataa, chagua złoty. Na tiketi ya tramu igongeni muhuri mara tu mnapopanda. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia. Pasipoti mtembee nazo, mpakani basi linaweza kusimamishwa.