Mtoto anasoma kama maji, hajui alichosoma. Huo ndio ufahamu mnaofundisha?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya kulipia hapa Dar, na mwaka huu ana upimaji wa kitaifa. Jana nimelipitia daftari lake la Kiswahili: vema tupu, ukurasa kwa ukurasa.

Habari yenyewe ni hii. Bibi kaanika mpunga uani, mawingu yakatanda, akamwita mjukuu wake haraka. Maswali: Bibi alianika nini? Alianika wapi? Alimwita nani? Mtoto kanakili maneno yaliyomo kwenye habari, kapata yote. Nikamuuliza langu moja: kwa nini alimwita haraka? Akaanza kupitisha kidole kwenye mistari akitafuta jibu lilipoandikwa! "Kutanda" hajui ni nini, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nimempigia mwalimu, ananiambia mtoto "anasoma vizuri, hakwami." Jamani, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, ba be bi bo bu hadi mwisho, atakutamkia hata Gazeti la Serikali. Mwandikie "Mgonzi alizefua tipwa", maneno yasiyokuwepo duniani, umuulize nani alizefua tipwa. Atajibu Mgonzi, na kwa usahihishaji wenu atapata vema.

Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili wanajengwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ninaunga mkono kabisa. Ila kusoma hakuishii mdomoni.

Msamiati nao ni kukariri. "Haba na haba hujaza kibaba" anaitoa bila kupumua, kibaba chenyewe hajawahi kuambiwa ni kipimo, kwamba vibaba 4 ni pishi moja. Kopo na mchele kidogo mbele ya darasa vingetosha. Sarufi ndiyo usiseme: kujaza nafasi zilizoachwa wazi, basi. Nimetafuta sentensi aliyotunga kwa kichwa chake, sijaiona.

Na msije na hoja ya msongamano. Najua kuna walimu wa shule za serikali wanabeba watoto zaidi ya mia darasani, hao nawaheshimu. Hapa watoto ni thelathini na kitu na ada tunalipa kabla muhula haujaanza.

Walimu mliomo humu, nijibuni: swali la "kwa nini" mnasubiri kuliuliza darasa la ngapi?