MREJESHO: Boneti iliyoungua kwa taa ya halojeni

Wakuu, niliuliza kama doa la joto kwenye boneti ya gari la kale, rangi ya laka (aina ya rangi ya zamani) ya kiwandani, linaweza kuondolewa kwa polishi. Taa ya stendi ilikaa karibu mno. Asanteni wote mliojibu.

Kwanza tulipima unene wa rangi. Pembeni mwa doa, palipofifia tu, rangi ilikuwa bado imeshika bati: msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, halafu polishi kwa mwendo mdogo, na mng'ao umerudi. Katikati kuna malengelenge, na hapo polishi haisaidii kitu. Lengelenge maana yake rangi imeachia chini, ukilisugua unalipasua. Sehemu hiyo inakwanguliwa mpaka bati, inapigwa praima (rangi ya msingi) na kupakwa upya.

Laka hulainika tena ikipata joto, hata ikiwa na miaka mingi. Rangi ya kisasa ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kukazia rangi) huvumilia zaidi, ingawa nayo ina kikomo.

Kinga: taa za LED badala ya halojeni. Ukilazimika kukausha kwa taa ya infraredi (ya miale ya joto), iwe mbali, sentimita 60 hadi 90, na upime joto la bati lenyewe mara kwa mara kwa kipimajoto cha infraredi. Lisizidi nyuzi 60 kwa rangi ya kisasa, na kwa laka baki chini kabisa ya hapo. Rangi nyeusi hupanda haraka kuliko nyeupe. Mashine ya polishi nayo huunguza, hasa kwenye kingo, ambako rangi ni nyembamba: zibandikeni tepu kabla hamjaanza.