Naombeni ushauri: nisome Kijapani au Kidenmark? Kipi kimeenea zaidi duniani?

Kijana wa Njiro: Wakuu habari za jioni. Ni mwongoza watalii hapa Arusha, miaka 31, Kiingereza nipo vizuri. Bosi anataka niongeze lugha kabla ya msimu wa Juni, ada analipa nusu. Nimekwama kati ya Kijapani na Kidenmark. Nataka kujua kitu kimoja tu: kipi kinazungumzwa sehemu nyingi zaidi? Leo siku ya tatu sijalala. Matusi hapana.

Mama Wawili: Siku tatu hulali kwa sababu ya lugha? Kula ushibe ulale baba.

Fundi Waya: Kijapani, usijiulize. Niko Mombasa, natengeneza umeme wa magari. Gari likitoka bandarini nikiwasha tu, mama wa Kijapani anaanza kuongea kwenye dashibodi kabla sijafunga mlango. Miaka minane nilidhani ananikaribisha. Mteja mmoja aliyewahi kukaa Osaka akacheka hadi akashika boneti: kumbe anasema kadi ya ETC haijawekwa, ile ya kulipia barabara kwao. Maskini, anadai kadi ya barabara za Japani akiwa kwenye foleni ya Changamwe. Wateja wengine hawataki nimzime, wanasema gari litaonekana limeshatumika hapa.

Mwalimu Mstaafu: Swali lina mtego. Watu wengi au sehemu nyingi? Kijapani kina wazungumzaji zaidi ya milioni 120, lakini karibu wote wako Japani. Nje kilibebwa na meli na majeshi. Kasato Maru ilitia nanga Santos, Brazili, tarehe 18 Juni 1908 na watu 781 wa kwenda mashamba ya kahawa. Leo Wabrazili wenye asili ya Japani wanakadiriwa kuwa milioni 2 au zaidi, ila wajukuu wengi wanaongea Kireno. Korea (1910 hadi 1945) na Taiwan (1895 hadi 1945) kilifundishwa kwa nguvu ya mkoloni, kikaondoka naye. Na kioja: Japani haina sheria inayokitaja kuwa lugha rasmi, ila katiba ya Angaur, kisiwa kidogo cha Palau, inakitaja!

Kidenmark kina watu kama milioni 6 tu, lakini kimetawanyika. Kipo Visiwa vya Faroe pamoja na Kifaroe. Greenland lugha rasmi tangu 2009 ni Kigreenland peke yake, ila nenda ofisi za Nuuk utakisikia Kidenmark. Kaskazini mwa Ujerumani, pande za Flensburg, kuna Wadenmark wachache kama 50,000 na shule zao. Iceland ilijitenga 1944, na watoto bado wanakisoma shuleni. Kwa kuhesabu bendera, Kidenmark kinashinda.

Kijana wa Njiro: Mwalimu asante, ila hujaniokoa. Hakuna namna ya kuhesabu Kijapani kikashinda?

Nyuki Dume: Ngoja kwanza. Arusha wenzako wanagombania Kifaransa, Kihispania, Kichina. Wewe Kidenmark kimekujaje? Kuna kitu unaficha.

Kijana wa Njiro: Haina uhusiano na swali.

Nyuki Dume: Basi sisi tulale.

Kijana wa Njiro: Sawa, nasema. Nilipoomba hii kazi niliandika kwenye CV kwamba naongea Kidenmark vizuri. Niliwahi kukaa karibu na Wadenmark waliokuja Usa River kujifunza Kiswahili, nikashika "tak", yaani asante, na "skål" ya kugonganisha glasi. Nani angenipima? Sasa tarehe 9 Juni linakuja kundi la wazee 11 kutoka Denmark na bosi ameshawaandikia kwamba watapata mtu wa lugha yao. Zimebaki wiki sita. Kijapani nimeshalipia laki mbili, hairudishwi. Nikimwonyesha bosi kwamba Kijapani ndiyo lugha ya dunia, atanihamishia kwa Wajapani na wale wazee atawapa mwingine. Msinihukumu, kila mtu anaongeza chumvi kwenye CV.

Shemasi: Huo ni uongo mdogo wangu, na sasa unataka kuufunika kwa jiografia. Nenda kamwambie bosi ukweli kesho asubuhi.

Chizi Freshi: Kwani si kinaitwa Kideni? Umeshaanza vizuri, una deni la laki mbili.

Dada wa Aarhus: Niko huku Denmark mwaka wa tisa. Kwa wiki sita sahau. Wanaandika herufi kumi, wanatamka nne, zingine wanameza. Mnorwei anasoma gazeti lao bila shida, akiwasikia anaomba warudie. Na hesabu zao! Siku za mwanzo dukani muuzaji akasema "halvfems", nikamwekea noti ya hamsini, akabaki ananitazama. Kumbe ni tisini: nne na nusu mara ishirini. Hamsini ni "halvtreds", mbili na nusu mara ishirini. Nililia kwenye basi siku hiyo. Ila wale wazee wako wanajua Kiingereza, wasalimie "goddag" na uendelee na simba.

Mwalimu Mstaafu: Nimesahau Karibi. Mwaka 1917 Denmark iliiuzia Marekani visiwa vyake kwa dola milioni 25 za dhahabu. Majina ya mitaa yamebaki ya Kidenmark, waongeaji hakuna.

Chizi Freshi: Wangemuuza na huyu.

Nyuki Dume: Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa pili alikuwa anauza matairi Kahama, ana miaka 24, kaachwa na mchumba.

Kijana wa Njiro: Akaunti hii natumia na mdogo wangu. Ya mchumba ni yake.

Fundi Waya: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Nyuki Dume: Mwongoza watalii gani asiyejua Wadenmark wanaongea Kiingereza? Haya, tembo kwa Kidenmark?

Kijana wa Njiro: Elefant.

Dada wa Aarhus: Ni sahihi.

Nyuki Dume: Hiyo hata mbuzi angebahatisha. Twiga?

Fundi Waya: Kwa Kijapani ni kirin, yule mteja wa Osaka alinifundisha.

Nyuki Dume: Hujaulizwa wewe. Mleta mada, twiga?

Chizi Freshi: Kakimbia huyo. Kesho atakuwa daktari wa meno Songea.

Kijana wa Njiro (saa 8:40 usiku): Giraf?

Mama Wawili: Lala baba.