Mama aliulizwa "utarikava lini?" akajibu habari za mshono. Ijumaa wakaja kubeba friza

Wakuu, mwangaluka.

Moderator naomba uzi huu ukae hapa hapa kwenye malalamiko. Najua kuna mjuaji atasema upelekwe jukwaa la lugha. Aje kwanza hapa Igoma, Mwanza, aone samaki walivyooza, ndipo tujadiliane jukwaa.

Mama yangu anauza sato. Alfajiri anachukua mzigo Mwaloni Kirumba, anagandisha nyumbani, jioni anakaanga barazani. Friza ndiyo duka lake. Mwaka jana alikopa laki nane kwenye ofisi moja ya mikopo midogo, zile ambazo mtaani tunaziita kausha damu. Rejesho elfu arobaini na tano kila Jumanne, wiki 24. Piga hesabu mwenyewe utaona anarudisha milioni moja na elfu themanini. Hilo silalamikii, alikubali mwenyewe. Wiki 15 alilipa bila kuruka hata moja. Ya 16 akalazwa, akafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Marejesho matatu yakapita.

Siku ya nne tangu atoke hospitali, simu yake ikaita. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Akaweka spika, maana mkono mmoja kashikilia tumbo.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka kitengo cha rikavari."

"Marahaba baba. Asante kwa kunikumbuka."

"Tulikuwa tunataka kujua mama, utarikava lini?"

Mama akaniangalia uso umechangamka kabisa. Siku ya upasuaji, alipotolewa tiata alilazwa kwenye chumba chenye kibao kimeandikwa "Recovery", na nesi akamwambia, mama hapa ni rikavari, utakaa mpaka usingizi wa dawa ukuishe. Kwa hiyo kichwani mwake aliyepiga ni hospitali.

"Namshukuru Mungu baba, mshono umekauka. Nadhani mpaka Ijumaa nitakuwa nimerikava kabisa."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii, kwa uwezo wake Mola."

"Sawa mama, naandika Ijumaa."

Nilikuwepo, wakuu. Nimesikia kila neno na sikushtuka. Nilijiwazia tu, kumbe siku hizi hospitali zetu zimestaarabika hivi.

Ijumaa saa tano asubuhi kirikuu ikasimama mlangoni. Vijana wawili na fomu. Samaki kama kilo thelathini wakamwagwa kwenye mabeseni, friza ikachomolewa, ikapandishwa. Mama kasimama mlangoni na khanga yake, hawezi hata kuinama. Fomu nikaomba niisome. Kwenye sehemu ya maelezo mtu kaandika kwa kalamu: "Client promised to recover on Friday."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, kwa sababu hata hicho Kiingereza chenyewe si cha kweli. Mdaiwa harikava mkopo. Kwa Kiingereza anayefanya tendo hilo ni yule aliyepotelewa na kitu, akikipata tena. Mwenye hela ndiye anayerikava hela, mdaiwa yeye analipa. Na mgonjwa anarikava kwa sababu afya ilikuwa yake, ikamtoka, ikamrudia. Ukimuuliza mwanamke mwenye mshono "utarikava lini" na usiongeze kitu mbele yake, umemuuliza habari ya afya. Mama alijibu swali sahihi. Aliyekosea ni aliyeuliza.

Halafu angalieni ujanja wa hili neno. Waingereza wanasema mtu amerikava "from" malaria, yaani malaria imemtoka. Na ofisi ya mikopo inarikava hela "from" mteja. Kale kaneno ka katikati ni kale kale. Kwenye sentensi ya kwanza pamekaa ugonjwa, kwenye ya pili amekaa mama yangu.

Sasa kuna watu wataniambia Kiswahili hakina neno la kutosha ndiyo maana tunakopa. Kweli? Mgonjwa anapata nafuu, anapata ahueni, kisha anapona, na kila mama wa Mwanza anajua nafuu siyo kupona. Aliyezimia anazinduka. Kwa hiyo kile chumba cha nesi kingeandikwa cha kuzindukia na kila mtu angeelewa. Mwizi wa pikipiki akikamatwa Buzuruga, pikipiki imepatikana. Ulichoweka rehani unakikomboa. Mahakamani unalipwa fidia. Mfanyabiashara anarudisha mtaji. Maneno tunayo mengi mno, na kila moja linamlazimisha msemaji aseme ni kitu gani kinarudi na kinarudi kwa nani. Hicho ndicho wanachokikwepa.

Mpaka hapa fundi simu wa Makoroboi simgusi. Akisema anarikava picha zilizofutwa, mimi na yeye tunaangalia simu moja, tunajua kinachotafutwa, na akizikosa ataniambia nafasi yake imeshaandikwa vitu vingine juu. Neno la gereji halinisumbui likibaki gereji.

Linalonisumbua niliwahi kuliona kwa macho, na sijalisahau. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikitokea Bugolora, nilikuwa nimepanga Nyakato. Dada mmoja jirani, mzaliwa wa Ukara, kaka yake Alhamisi ile alikuwa ameenda gulioni Bugolora. Simu ya kaka haipatikani usiku kucha. Kesho yake jioni mpangaji mmoja akatupia kwenye kundi letu la WhatsApp habari aliyoitoa mtandao wa Kiingereza, kaitafsiri mwenyewe: "Zaidi ya watu mia wamepona." Yule dada akapiga kigelegele mpaka milango yote ikafunguka. Watoto wakaanza kuruka bila kujua wanaruka kwa nini.

Nikamwomba yule bwana anitumie habari yenyewe. Imeandikwa "bodies recovered". Miili. Imeopolewa.

Nilikuwa mimi tu kwenye ule uwa niliyeisoma na kuielewa, na sikuwa na kifua cha kumwambia. Nilimwonyesha mumewe simu, nikaingia ndani nikafunga mlango. Hesabu ya waliokufa ilipofungwa ilikuwa 228.

Kwa habari za ajali Kiingereza kina mpaka: aliye hai anakuwa "rescued", maiti inakuwa "recovered". Na sisi mpaka huo tunao, tena ni herufi moja tu, kuokoa na kuopoa. Mtu wa ziwani hachanganyi hayo mawili hata akiwa amelewa. Ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba Novemba 6, 2022, ndani walikuwemo watu 43. Wavuvi wakawahi na mitumbwi, na 24 wakatoka hai. Hao waliokolewa. Wale 19 waliopolewa. Mwambie mvuvi yeyote kwamba 19 "wamepona" uone atakavyokutazama.

Sasa niseme na la kwangu, maana mnanijua humu sipendi unafiki. Nina stationery ndogo. Natoa kopi, nachapa, na kazi za kutafsiri huwa napokea, ukurasa elfu tano. Mwaka 2019 alikuja mzee na mkataba wa mkopo wa injini ya mtumbwi, kurasa tatu za Kiingereza, anataka za Kiswahili ili akasome na mkewe. Nilikuwa na foleni ya wanafunzi. Nikazipitisha kwenye simu, nikachapa kilichotoka. Kuna mstari ulisema: "Mkopeshaji atapona fedha zake zote." Niliuona, nikacheka kidogo moyoni, nikauacha. Mzee akalipa elfu kumi na tano, akanishukuru, akaenda kusaini. Kwa hiyo ninapotukana hapa, na mimi nimo.

Na walimu je? Mpwa wangu yuko kidato cha pili, anasoma tuisheni ya kulipia. Daftari lake limeandikwa kwa wino mwekundu: re ni tena, cover ni funika, kwa hiyo recover ni kufunika tena. Mungu wangu! Hili neno limetoka Kilatini, "recuperare", kupata tena, likapita kwa Wafaransa ndipo likafika Uingereza. "Cover" ya kufunika imetoka neno jingine kabisa la Kilatini. Yamefanana sura kama watu wawili waliokutana kwenye daladala. Kufunika upya kupo, lakini wenyewe wanaliandika na kistari katikati, "re-cover", na wanaivuta ile ya mwanzo, riii-kava. Hiyo ndiyo kazi ya fundi wa makochi kule Mabatini anapobadilisha kitambaa. Mtoto akienda na wino ule mwekundu kwenye mtihani atasema mgonjwa amefunikwa tena. Na mgonjwa akifunikwa tena, wakuu, huyo hajapona.

Turudi kwa mama. Jumamosi nilikwenda ofisini kwao. Yule kijana aliyepiga simu nimemkuta, mpole tu, mtoto wa juzi, shati limenyooshwa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana nikaishiwa nguvu nilipomwona.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mama alikujibu kuhusu mshono. Hukusikia?"

"Nilisikia bro. Nikajua anatoa sababu za kuchelewa."

"Kwa Kiswahili ungemuulizaje?"

"Ningemuuliza atalipa lini."

"Sasa kwa nini hukumuuliza atalipa lini?"

Akafikiri kidogo. Akasema, "Hapa ofisini tunaita hivyo."

Basi. Hicho ndicho kisa chote. Hawasemi kudai, maana kudai kunanuka. Hawasemi kunyang'anya, maana kunyang'anya kuna polisi. Wamepata neno linalonukia dettol, wakaliandika mlangoni, na kijana wa watu kalikuta hapo.

Mkataba wenyewe nimeusoma sasa, nilitakiwa niusome kabla. Kurasa nne, zote Kiingereza, saini ya mama chini inapanda juu kama ngazi. Tangu 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchi hii, halafu muuza sato wa Igoma anasainishwa Kiingereza kwenye chumba chenye feni moja. Kuna mstari unasema mkopeshaji anaweza "recover" kiasi kilichobaki pamoja na "all costs of recovery". Kwa Kiswahili cha kueleweka: tutakudai kilichobaki, na mafuta ya gari la kuja kukudai utalipa wewe. Ungeandikwa hivyo mama angeuliza swali. Namjua mama. Angeuliza kirikuu inakula lita ngapi.

Wamempa karatasi ya hesabu. Marejesho matatu, 135,000. Chini yake, "Recovery cost", 60,000. Nilipomsomea akaniuliza, "Gharama za kupona si tulishalipa kule kule hospitali?"

Sikucheka. Nikamweleza taratibu, kitengo cha rikavari ni cha watu gani, Ijumaa aliyoitaja iliandikwa kama nini, na hiyo elfu sitini ni ya nini. Akanyamaza, anachambua dagaa kwenye ungo, maana kwa sasa ndicho anachoweza kuuza bila friza. Baadaye akasema, "Kwa hiyo yule kijana hakuwa anauliza hali yangu." Akaendelea kuchambua.

Samaki wale kilo thelathini tuligawa majirani siku ile ile, waliobaki waliharibika. Hiyo hasara hakuna aliyeiandika kwenye fomu.

Friza iko kwenye uwa wa ofisi yao, juani, imelazwa ubavu. Wametoa siku saba kuanzia Jumamosi, baada ya hapo wanaiuza. Zile 135,000 ninazo, nimeshazitenga, deni ni deni. Ninachotaka kujua kutoka kwa wanasheria wa humu, na hasa aliyewahi kugombana na hizi ofisi: ile elfu sitini wana haki nayo kama mteja aliyesaini hakusomewa mkataba kwa lugha anayoijua? Na malalamiko nayapeleka wapi kwanza, kwa mwenyekiti wa mtaa, Benki Kuu tawi la hapa Mwanza, au nianzie moja kwa moja mahakama ya mwanzo? Nina kopi za mkataba, fomu ya Ijumaa na ile karatasi ya hesabu. Na kama kuna fundi friji humu, aniambie friza iliyosafirishwa imelala ubavu inakaa masaa mangapi imesimama kabla ya kuwashwa.