Wenye magari mnasemaje, broka anakula dola 900 kwa simu tu na sisi tunabaki na madeni

Wazee wa barabara nawasalimu. Mimi niko hapa Malaba upande wa Uganda, nina trela mbili, moja bado nalipa mkopo benki, na leo hawa mabroka, madalali wa mizigo, wamenifikisha mwisho, acha niseme yote.

Mwezi juzi napigiwa simu, kuna kontena ya futi 40 Mombasa inakuja Kampala, tani 26, dola 1,700, na kurudisha kontena tupu ni juu yangu. Nikamwambia hiyo bei haifiki, ongeza. Akanijibu, "Bosi, mwenye mzigo ndio kasema hivyo, mimi hapa napata ya soda tu, kama hutaki sema kuna magari mengine yanangoja." Gari ilikuwa imelala yadi wiki mbili, dereva ananipigia hana hata ya chakula, benki nao tarehe inakaribia. Nikapakia.

Gari ikafika Namanve, kule kwenye viwanda karibu na Kampala, Alhamisi, stoo imejaa, wanasema subirini. Tukasubiri mpaka Jumatatu na mimi mwenyewe nikapanda basi kwenda kuona kuna nini. Nikamkuta mwenye mzigo, mzee mpole tu, amesimama nyuma ya trela anahesabu boksi za vigae vijana wakishusha, faili lake ameliweka pale kwenye ukingo wa trela. Karatasi ya juu ilikuwa invoisi ya kampuni ya kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini. Nikaona mstari umeandikwa usafiri Mombasa Kampala, dola 2,600. Nikasoma tena. Nikamuuliza mzee hii hela umelipa? Akasema amelipa yote kabla kontena haijatoka bandarini, tena yeye ndio akaanza kunilalamikia mimi kwamba sisi watu wa magari tumekuwa ghali sana siku hizi! Nilishindwa nimjibu nini. Nikamwambia mzee mimi nimepewa 1,700, akanitazama hivi kama namdanganya.

Dola 900 zimebaki kwa watu ambao hawajagusa hata kamba ya turubai. Baadaye nimefuatilia nikaambiwa mzigo ulipita kwa broka wa kwanza akampa wa pili na huyo wa pili ndio akanipigia mimi, kila mtu kachota.

Sasa tuhesabu. Mombasa mpaka Kampala ni karibu kilomita 1,170, gari ikiwa na mzigo lita moja inanipa kilomita mbili hivi, ikirudi na kontena tupu inapumua kidogo, lakini safari nzima kwangu inapita lita 900 za dizeli, hapo bado mileji (posho ya safari) ya dereva, hela ya taniboi, paking, bima ya COMESA ya kuvuka mpaka, na tairi, jamani tairi, ile njia inakula tairi na tairi ikipasuka usiku broka yuko nyumbani amelala. Tena mizani. Sheria ya Afrika Mashariki inasema gari na mzigo wake visipite tani 56, na ekseli nazo zina kipimo chake, lakini uzito ule wa kwenye karatasi anakutajia broka na faini ikija inakuja na namba ya gari yangu, sio namba yake ya simu.

Halafu balansi. Nilipewa advansi asilimia 70, ikabaki dola 510. Naenda kudai naambiwa kontena imechelewa kurudi siku nne, dola 160 zinakatwa. Siku nne zipi? Ni zilezile za Namanve, gari imesimama kwa sababu stoo yao imejaa, yaani kusubiri hawanilipi na kuchelewa nalipa mimi! Intachenji, ile karatasi ya kukabidhi kontena, ninayo, delivari noti ninayo, imegongwa muhuri na tarehe ya kufika na tarehe ya kushusha. Hawataki hata kuiangalia. Wakakata tena asilimia 6, eti kodi ya URA, mamlaka ya mapato Uganda, dola 102. Nikasema sawa nipe cheti cha hiyo kodi niitumie kwenye ritani yangu, mpaka leo hakuna cheti, na sio kila mtu ana ruhusa ya kukata hiyo kodi, ni wale walioteuliwa. Kama hamna cheti hiyo hela imekwenda wapi? Zimebaki dola 248 na leo ni siku ya 52 sijazipata. (Wale wa Januari 2022 kwenye foleni ya vipimo vya korona hapa Malaba mnakumbuka, nililala barabarani siku nyingi na hakuna broka aliyenilipa hata siku moja, nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.)

Sisemi broka asile. Kuna mmoja Busia nafanya naye kazi miaka sasa, ananionyesha oda yenyewe, anachukua dola 100 yake mbele ya macho yangu na tunaheshimiana. Huyo hata akinipigia saa nane usiku naamka. Kumbe inawezekana. Bei ya mafuta Kenya inatangazwa kila tarehe 14 ya mwezi mpaka mtoto wa shule anaijua, kwa nini freti, bei ya kubeba mzigo, iwe siri kwa mtu mwenye gari?

Mimi kuanzia sasa sipakii bila kuona oda ya mwenye mzigo, na siku za kusubiri ziandikwe kabla gari haijatoka yadi. Najua nikikataa peke yangu mwingine atachukua, ndio maana nimekuja hapa. Wekeni njia, tani, mwezi na hela mliyopewa, majina ya watu acheni. Na nyinyi wa Elegu, mpaka wa Sudan Kusini, kwenda Juba msikae kimya, nasikia huko ni mbaya zaidi.

Naanza mimi. Mombasa Kampala, futi 40, tani 26, mwezi juzi, 1,700, balansi bado.